Mlolongo wa Mtu wa Koti

Watu wa Majengo ya zamani wakikutana nami mjini Meru huniuliza swali moja: Mtu wa Koti aliishia wapi? Mimi huwajibu kwamba sijui, sehemu ya tano sikuiona. Wao hudhani ninafanya maringo, maana mimi ndiye niliyekuwa sauti yake. Ukweli ni kwamba naona aibu, na aibu yenyewe ni kubwa kwa umri kuliko watoto wangu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa mtafsiri wa video kwa Idrisi, aliyeonyesha filamu katika chumba cha mabati nyuma ya bucha za Majengo. Msidhani mtafsiri alikuwa akitafsiri. Filamu ilisema neno moja, mimi nikasema kumi, na watu walikuja kwa ajili ya yale tisa. Kila filamu ilikuwa na stelingi, yule shujaa, na ilikuwa na adui. Stelingi hafi, adui hahurumiwi, na mtafsiri akichelewa kuonyesha nani ni nani, anarushiwa maganda ya miwa. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo, na nilijiona profesa.

Hapo Majengo niliitwa Munene wa Githongo, kule milimani kwenye kahawa. Nilikuwa nimewaambia kwamba baba ana miti mia tatu ya kahawa na mama ni mwalimu. Jina langu ni Muchangi, na kwetu ni Siakago, kule chini Mbeere. Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama yangu, Ciakuthii, alilima ndengu, na mwaka ambao ndengu zilikataa tulipanga foleni kwa chifu tukingoja mahindi ya njano ya msaada. Watu wa milimani walikuwa wakitutania kwa mahindi hayo. Nilichagua Majengo makusudi, kwa sababu pale babu wa kila mtu alitoka kwingine, watu wanaongea Kiswahili, na hakuna anayekupima kwa Kimeru chako. Tena kulikuwa na Purity, msusi mwenye kibanda mkabala na msikiti. Siku moja alisema, huku akicheka, kwamba mume wa mahindi ya njano hamwezi. Nilicheka kuliko wote.

Sasa nije kwenye kompyuta iliyotuletea Mtu wa Koti. Idrisi aliipata kwenye mnada wa ofisi moja ya mradi wa maji iliyofungwa, akidhani ni televisheni yenye taipureta. Ndani ya boksi mlikuwa na disketi tano, zimeandikwa kwa kalamu, moja mpaka tano. Nilipoingiza ya kwanza ukatokea mchezo. Haukuwa mchezo wa kupiga risasi. Ulikuwa hadithi ya picha, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya kioo, na kila baada ya muda inasimama kukuuliza: ufanye nini, moja au mbili? Idrisi, mfanyabiashara damu, akaamua kila Jumamosi saa nane mchana tutaonyesha disketi moja.

Jumamosi ya kwanza kiliwaka kioo kidogo, na vichwa ishirini na kitu vikabanana mbele yake. Mtu mmoja aliyevaa koti refu aliingia posta. Kaunta ilikuwa na kondoo dume mwenye miwani. Kondoo akampiga yule mtu muhuri kwenye paji la uso, akampa ufunguo, akamwambia: nyumba yako imehama.

Kisha Swaib mchinjaji akasema, "Huyo kondoo mimi siwezi kumchinja. Ataanza kunisomea."

Watu wakaangua kicheko. Purity hakucheka. "Huyo jamaa kuna kitu anaficha," akasema. "Nani huvaa koti kwa jua kali hivyo?"

"Hayo sawa," akasema Riungu, muuza mitumba, ambaye alikuwa hakosi hata filamu moja. "Lakini adui ni nani?"

Nami sikujua. Kiingereza nilikielewa chote. Kilichonishinda ni kujua hadithi inataka nini. Lakini mtafsiri hasemi hajui. Nikawaambia adui yupo, anakuja, watulie.

Mchezo uliposimama kuuliza moja au mbili, chumba kizima kilipiga kelele, mpaka Idrisi akapanda juu ya benchi. "Mlolongo!" akasema. "Kama wa themanini na nane!" Wote walikumbuka ule uchaguzi ambao watu walipanga mistari hadharani nyuma ya mtu wao, jirani akikuona. Serikali ilikuwa imeuzika mlolongo huo, Idrisi akaufufua. Wa namba moja wakasimama upande wa mlango, wa namba mbili upande wa dirisha. Mimi nikawa mhesabu. Nilimgusa kila mtu begani nikihesabu kwa sauti, na mwishoni mhesabu naye hupiga kura yake, kwa kwenda kusimama kwenye mstari wake mbele ya watu wote.

Jumamosi ya pili Mtu wa Koti alipita katika shamba la mahindi, lakini mahali pa mahindi palikuwa na simu. Kila alipoinua moja alisikia mtu anatafuna. Mzee mmoja kati ya watazamaji alitoka nje akiomba dua, hakurudi tena. Jumamosi ya tatu aliukuta mto unaopanda mlima, akajikunja, akaingia ndani ya sanduku lake, maji yakambeba. Purity alilia. Nilipomuuliza analilia nini akashindwa kusema, akanikasirikia mimi.

Riungu alikuwa amechoka. "Munene, tumekaa hapa Jumamosi tatu. Kondoo, simu, sanduku. Adui yuko wapi?"

"Jumamosi ijayo," nikaapa, "mtamwona kwa macho yenu."

Jumamosi hiyo ikafika. Nilikuwa napanga mabenchi, Idrisi akaniita kutoka mlangoni.

"Munene! Huyu mama anatafuta mtu anaitwa Muchangi. Ati ameambiwa yuko hapa kwa video. Unamjua?"

Alikuwa amesimama juani. Kiondo mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, viatu vya plastiki vimejaa vumbi. Kutoka Siakago mpaka Embu, kutoka Embu mpaka Meru, lazima aliamka kabla ya jogoo. Baadaye niligundua kwamba Njagi, jirani yetu anayeuza mbuzi, alipita Majengo, akasikia sauti yangu dirishani, akampelekea habari. Mama aliponiona uso wake wote ulicheka. Aliningoja mimi niseme.

Purity alikuwa hatua mbili kutoka pale, anamenya muwa.

"Huyu?" nikasema. "Huyu ni mama wa ndengu. Huwa ananiuzia nikipita Embu."

Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, na katika maneno yangu hapakuwa na neno hata moja lisilo la sokoni. Alielewa yote. Kicheko hakikumtoka mara moja usoni. Kilikaa kidogo, hakina kazi, kisha kikaondoka.

"Ndio," akamwambia Idrisi. "Mimi ni wa ndengu."

Ningeweza kusema hapohapo. Ulimi ulikuwa wangu, na mlango ulikuwa wazi. Nilijiambia nitamfuata baadaye nimweleze faraghani. Ningemweleza nini? Mpaka leo nimetafuta maneno hayo sijayapata.

Aliyemwokoa ni Mwanamisi, mama yake Idrisi, ambaye pia alinikodisha chumba uani kwake. Alitokea na buibui lake la kazini, akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kitambaa, akanitazama na mimi.

"Mama wa watu amechoka jamani, mnamsimamisha juani! Karibu, dada. Kaa humu uvute pumzi." Akamkalisha kwenye benchi la mwisho, akamletea kikombe cha chai, akarudi jikoni kwake.

Basi tukaanza, mama yangu akiwa nyuma ya vichwa vyote, kiondo miguuni.

Mtu wa Koti aliipata nyumba yake. Ilikuwa ndani ya sufuria kubwa iliyotelekezwa porini. Akafungua kwa ule ufunguo, akaingia. Nje jua lilikuwa linawaka, ndani ya nyumba mvua inanyesha.

"Fundi wa hiyo paa akamatwe," Swaib akasema.

Kisha mlango ukabishwa. Picha ikageuka, tukaona nje. Palikuwa na mwanamke mzee, mgongo umepinda, amebeba mzigo. Maneno yakapita chini, nami nayakumbuka vizuri kuliko Baba Yetu. Yalisema kwamba aliyebisha ametembea kutoka mbali, na kwamba amebeba kitu ambacho mwenye nyumba alikisahau. Halafu swali. Moja, fungua. Mbili, tia komeo.

Niliyasoma mara mbili. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja. Riungu alikuwa ameshika magoti kwa hamu. Na kule nyuma niliona kitambaa cha kichwa cha mama yangu, kile cha kijani alichovaa kwenda kanisani.

"Adui!" nikapaza sauti. "Ndiye huyu! Nani alihamisha nyumba? Ndiye! Nani alikuwa anatafuna kwa simu? Ndiye! Amemfuata stelingi wetu porini na mtoni, na huo mzigo mgongoni ni hila tupu!"

Walipiga miguu chini mpaka vumbi likapanda. Riungu alimkumbatia mtu asiyemjua. "Leo Githongo umetuletea adui!" akapiga kelele. Sijawahi kutafsiri vizuri namna ile, kabla wala baadaye. Nilisikia raha, na hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu zaidi. Niliyasema hayo yote mama akiwa pale, na nikasikia raha.

"Mlolongo!" Idrisi akaita.

Wote walikimbilia dirishani, kwa namba mbili, kwa komeo. Mlangoni hapakubaki mtu. Tulikuwa karibu kucheka na kuendelea bila hesabu, mama alipoinuka. Alipita katikati ya mabenchi polepole, akaenda, akasimama mlangoni.

"Mama, wewe ni mgeni," Idrisi akamwambia kwa heshima. "Si lazima."

"Hii ni kura ama si kura?"

"Ni kura, mama."

"Basi mimi napiga."

"Lakini huyo ni adui!" Riungu akamwambia kutoka upande wa pili. "Hukusikia kijana akisema?"

"Nimesikia," mama akasema. "Lakini huyo mama amebisha. Adui habishi."

Vicheko vikapungua. Purity alisema kwa sauti ndogo, "Kweli lakini, hakuvunja mlango." Hata hivyo alibaki pale alipokuwa. Wote walibaki.

Nikahesabu. Niligusa mabega dirishani, moja baada ya jingine, ishirini na matatu. Kisha nikavuka chumba kwenda mlangoni. Bega la mama lilikuwa limelowa jasho. Nililijua bega lile kuliko mto wowote niliowahi kulalia. Yeye alitazama mbele, kwenye kioo, kama wapiga kura wengine wote walivyofanya nilipowagusa.

"Mmoja," nikasema.

"Na mhesabu?" Idrisi akauliza.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba nisingehitaji kupiga hata hatua. Ningebaki tu nilipo, tungekuwa wawili. Purity alikuwa ananitazama, Riungu alikuwa ananitazama, miti yangu mia tatu ya kahawa ya uongo ilikuwa inanitazama. Nikavuka chumba nikarudi dirishani. Purity alinisogezea nafasi.

Ishirini na wanne kwa mmoja. Nikabonyeza mbili.

Mtu wa Koti akatia komeo. Yule mwanamke hakupiga kelele, hakugeuka jini, hakutoa kisu. Aliutua mzigo wake mlangoni, akatutazama sisi tuliokuwa upande huu wa kioo, muda mrefu, kisha akaenda zake. Mtu wa Koti akakaa chini ndani ya nyumba yake, mvua ikimnyeshea. Maneno ya mwisho yakasema tuingize disketi ya tano.

Hakuna aliyeshangilia. Nilizoea kelele mwisho wa filamu, lakini siku hiyo watu walikohoa na kutafuta viatu vyao.

"Hii imeniuma," Swaib akasema, "na sijui imeniuma wapi."

"Mbona adui hakupigana?" Riungu aliuliza, karibu kulia. "Adui gani huyo?"

Purity alinigeukia. "Munene. Hapo chini, ilikuwa imeandikwa adui?"

"Imeandikwa," nikasema.

Nilipotazama nyuma, benchi la mwisho lilikuwa tupu, na kikombe kimewekwa vizuri chini ya benchi ili kisipigwe teke.

Mwanamisi aliniita uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kiondo cha mama kipo mbele yake, na ungo magotini.

"Yule dada ameniachia hiki," akasema. "Ati, mpe yule kijana wa Githongo."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nikamuuliza, huyu kijana ni nani kwako? Akasema, mteja." Akaanza kumimina ndengu kwenye ungo, apate kuzipembua. "Mteja gani hapewi ndengu kwa mizani, anapewa kiondo kizima?"

Ndengu zilitoka safi, zilizochaguliwa moja moja, hata jiwe halikuwamo. Zilipokaribia kwisha kikaanguka kitu kilichofungwa kwa nailoni na kukazwa kwa uzi. Mwanamisi akakifungua. Kilikuwa kitambulisho. Nilikuwa nimekiomba kule nyumbani miaka miwili iliyotangulia, nikaondoka kabla hakijatoka, nikakisahau. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi na bila hicho huandikishwi. Mama alikileta mwenyewe, na alipoona nimejigeuza mtu mwingine hakukitoa mbele ya watu. Alikiacha chini kabisa ya ndengu, jina langu lisionekane na yeyote.

Mwanamisi hakujua kusoma. Aligeuza kile kitambulisho mwangani. "Picha ni yako. Nisomee jina."

Mimi, mtafsiri wa Majengo, nilipata shida kusoma mstari mmoja. "Muchangi," nikasema.

"Na hapa?"

"Kimetolewa Siakago."

"Masikio yake niliyaona kichwani mwako tangu pale mlangoni," akasema, bila ukali, na afadhali angekuwa na ukali. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mwanangu. Haya, inuka. Gari la Embu huwa halijai upesi. Mpelekee mamako kiondo chake, na usikipeleke kitupu. Kiondo cha mtu hakirudi kitupu, hata sisi wa Majengo tumejifunza hilo kwenu. Ngoja nikupe sukari."

Sikungoja sukari. Nilinyakua kiondo nikakimbia. Nilipita kibanda cha Purity, nikasikia akiniita, kisha nikasikia malapa yake nyuma yangu. Sikugeuka.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Mama alikuwa dirishani, mikono magotini. Nikamwita kwa Kimbeere, lugha ambayo sikuwa nimeitumia mji ule miaka miwili. Nilimwambia ashuke. Nilimwambia kuna mahali pa kulala. Nilimwambia nimekiona kitambulisho. Nilisema yote haraka haraka, nikimpitishia kiondo dirishani.

Alinitazama. Akamtazama Purity, aliyekuwa amesimama nyuma yangu anahema. Kisha akatia mkono ndani ya kiondo, akapapasa mpaka chini.

Akanijibu kwa Kiswahili cha sokoni, wazi, abiria wote wakisikia.

"Kijana wa Githongo, kwenu hurudisha kiondo kitupu?"

Abiria walicheka. Ulikuwa utani mzuri, wa mama muuza ndengu na mteja wake asiye na adabu. Mama naye alicheka kidogo pamoja nao, akakikunja kiondo, akakiweka magotini. Aliendelea kunisitiri mbele ya yule msichana, kwa uongo niliomfundisha mwenyewe mchana huohuo, na aliufanya vizuri kuliko mimi. Gari likaondoka.

"Si huyo ni yule mama wa ndengu?" Purity akauliza. "Munene, mbona unalia?"

"Ni mama yangu," nikasema.

Gari lilikuwa limeshapinda kona. Purity alilisikia jibu hilo, na mwenye kuuza machungwa kando yetu alilisikia. Mama alisafiri na lile la kwanza, nililompa Idrisi mlangoni.